Siku ya kwanza ya kifaa kipya: vitu vya nyumbani vinavyostahili hela yake na namna ya kuvianza

Jiko jipya la mkaa likipasuka ndani ya wiki mbili, anayelaumiwa ni fundi. Kikaango cha chuma kikigandisha chapati, kinaambiwa ni feki. Lakini vingi kati ya vitu hivi vilitoka dukani vizima, vikaharibiwa nyumbani siku ya kwanza: jiko lilijazwa mkaa hadi juu likiwa bado na unyevu, kikaango kilipandishwa motoni na mafuta ya kiwandani. Hapa tumechagua vitu ambavyo tungemshauri mtu anayehamia chumba chake cha kwanza avinunue kabla ya pazia na kapeti. Kila kimoja tunaeleza namna ya kukikagua ukiwa bado sokoni, kinavyoanzwa, na kinakufa kwa nini.

Jiko la mkaa lenye udongo ndani

Ni lile la bati nje na udongo uliochomwa ndani, kiuno chembamba katikati kama ngoma. Kenya lilianza kuenea mwanzoni mwa miaka ya 1980, wazo lake likiwa limetoka kwenye jiko la ndoo la Thailand. Tanzania wengi wanaliita jiko bora au jiko la udongo. Udongo unazuia joto lisikimbilie kwenye bati, kwa hiyo mkaa hupungua kwa asilimia 30 hadi 50 ukilinganisha na jiko la bati tupu, ikiwa mpishi anajua kulitumia.

Sokoni usiangalie rangi. Piga udongo wa ndani kwa kifundo cha kidole. Ukilia wazi kama kikombe cha kauri, ni mzima. Ukitoa mlio mfu, una ufa hata kama huuoni, au haukuiva vizuri tanuruni. Kisha geuza jiko, chungulia kupitia mlango wa jivu ukiwa umeelekeza mdomo wake kwenye mwanga. Mwanga unapaswa kupita kwenye tundu za chekeche tu. Ukiuona pembeni, kati ya udongo na bati, ujue hapo joto litavuja na udongo utacheza mpaka uvunjike. Tundu zenyewe zipitishe kidole kidogo. Zikiwa nyembamba zaidi zitazibwa na jivu, zikiwa pana mkaa mdogo utadondoka kabla haujaisha. Mwisho weka sufuria juu ya mafiga matatu ya chuma. Ikiyumba, chagua jiko jingine, kwa sababu figa lililochomelewa vibaya halinyooshwi na nyundo bila kupasua udongo ulioko nyuma yake.

Sasa siku ya kwanza. Udongo na ile saruji inayoushika kwenye bati huwa bado vina maji. Ukiwasha moto mkali, maji yanageuka mvuke ndani kwa ndani na kutafuta njia ya kutokea. Njia hiyo ndiyo ufa. Kwa hiyo liache juani siku mbili. Siku ya tatu washa viganja viwili tu vya mkaa, bila sufuria, uuache uungue mpaka uzimike wenyewe. Kesho yake jaza nusu, pika chai au uji. Siku inayofuata pika unachotaka. Nyufa nyembamba kama unywele zitatokea tu, nazo si ugonjwa: udongo unatanuka na kusinyaa kila siku. Ufa wa kuogopa ni ule unaoshuka kutoka mdomoni hadi kwenye chekeche na kupitisha ncha ya kisu. Huo uzibe mapema kwa udongo wa mfinyanzi na jivu lililochekechwa, nusu kwa nusu, uliokandwa kwa maji kidogo kama unga wa chapati. Lowesha ufa kwanza ili kiraka kishike, sukumia ndani kwa kidole, acha ukauke siku mbili kivulini, kisha anza tena na moto mdogo.

Matumizi ya kila siku yana mambo machache tu. Mkaa usizidi usawa wa mafiga, maana sufuria ikikalia mkaa inauzima na masizi yanaongezeka. Mlango wa jivu uwe wazi na uelekee upepo wakati wa kuwasha; chakula kikishachemka, ufunge zaidi ya nusu. Hapo ndipo akiba inapopatikana, na hapo ndipo watu wengi wanapoipoteza, kwa kuacha mlango wazi maharage yanapotokota saa mbili nzima. Jivu liondolewe kabla ya kila kuwasha. Vifuu vya nazi vilivyovunjwavunjwa vinawasha mkaa haraka kuliko mafuta ya taa, na havinukishi chakula.

Kamwe usizime kwa maji. Udongo wenye moto ukimwagiwa maji hupasuka papo hapo, na hili linaua majiko mengi kuliko uzee. Mkaa uliobaki utoe kwa koleo, weka kwenye sufuria kuukuu yenye mfuniko. Ukikosa hewa utazimika, na kesho utawaka upesi. Na jiko lenye mkaa unaowaka, hata ukiwa mwekundu bila moshi, lisilale ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa ya sumu inayotoka haina harufu na haiamshi aliyelala.

Kikaango cha chuma cha chapati

Wengine wanakiita tawa. Kinadumu kuliko kile cha rangi nyeusi kisichogandisha, ambacho ngozi yake huanza kubanduka kwa mwiko wa chuma. Sharti kiwe cha chuma kweli: beba sumaku ndogo, ikinasa sawa. Chagua kizito, chenye sakafu tambarare. Kiweke juu ya kaunta, bonyeza ukingo. Kikicheza kama sahani iliyopinda, kwenye moto kitapinda zaidi na mafuta yatakimbilia pembeni.

Chuma kipya hupakwa mafuta au nta kiwandani kisishike kutu. Hayo yaondoke yote: maji ya moto, sabuni, na waya wa kusugulia, mpaka maji ya mwisho yatoke safi. Kikaushe juu ya moto, usikiachie hewa, kwa sababu chuma kitupu kinashika kutu ndani ya saa moja, hasa Pwani. Kikiwa cha moto, chukua tone la mafuta ya alizeti kama kijiko cha chai, pakaza ndani, nje na kwenye mpini kwa kitambaa. Kisha futa kwa kitambaa kingine kikavu kana kwamba umejuta kuyaweka. Kionekane kama hakina mafuta kabisa. Rudisha kwenye moto wa wastani mpaka kitoe moshi na moshi ukome. Acha kipoe kidogo, rudia mara tatu au nne. Rangi itatoka kijivu, ipite kahawia, ifike weusi. Ule weusi ni mafuta yaliyogeuka ngozi ngumu, na ndio unaofanya chapati iteleze.

Kosa la kawaida ni kuweka mafuta mengi ukidhani kikaango kitashiba. Hakishibi. Mafuta yanayozidi yanakuwa gundi ya kahawia inayonata vidole. Ikitokea hivyo, sugua kwa waya na uanze upya. Kosa la pili ni kupikia nyanya, ndimu au ukwaju wiki za mwanzo, kwani uchachu hula ile ngozi kabla haijakomaa. Pika chapati, mandazi ya kukaanga na mayai yenye mafuta ya kutosha kwanza.

Kujua kama moto wa chapati umefika, nyunyiza tone la maji. Likitulia na kutoa mvuke, bado. Likikimbia huku na huku kama shanga, weka chapati. Ukimaliza, futa kikaango kingali na joto. Chakula kikigoma kutoka, tumia chumvi ya mawe na kitambaa. Kukiloweka usiku kucha ni kukirudisha siku ya kwanza.

Neno moja kuhusu sufuria: zile nzito za kusubu zinazotengenezwa mitaani kwa kuyeyusha vyuma chakavu zinaweza kuwa na madini ya risasi, kwa sababu hakuna anayejua ndani ya tanuri kulikuwa na betri au vipuri gani. Kwa rojo la nyanya, ukwaju na vyote vyenye uchachu, tungechukua sufuria ya bati la alumini la kiwandani au ya chuma kisichoshika kutu.

Mbuzi ya nazi

Blenda ni haraka, hatubishi. Lakini blenda inasaga na ile ngozi ya kahawia ya nazi, tui linatoka na rangi ya vumbi na uchungu mdogo nyuma ya ulimi. Mbuzi inamruhusu mkunaji asimame pale anapotaka.

Mbuzi nzuri unaijua kwa meno. Yawe madogo, ya urefu mmoja, yaliyochongwa na tupa kwenye chuma kinene kama sarafu mbili zilizopangwa. Meno makubwa yanatoa chembe nene, na chembe nene hazitoi tui: nazi mbili zinakupa tui la nazi moja. Shika ulimi wa chuma, uutikise. Ukicheza hata kidogo kwenye mti, utachomoka siku utakapoegemea. Fungua kiti, ukalie hapohapo dukani. Mbuzi inayoyumba inakata vidole. Angalia pia pale mbao mbili zinapokutana: msumari mmoja hautoshi, pawe na boliti inayoweza kukazwa.

Ikifika nyumbani, chuma kitakuwa na vumbi la tupa. Sugua meno kwa jivu na ganda la ndimu, osha, kausha, kisha ukune nusu ya nazi moja na uitupe. Ndiyo, itupe, hata kuku usiwape, kwa sababu chembe za chuma ziko humo. Kisha paka meno mafuta ya nazi. Fanya hivyo kila ukimaliza kukuna, ukishaosha na kukausha, na meno hayatashika kutu.

Nazi yenyewe: iliyokomaa ni nzito, ya kahawia, na ukiitikisa sikioni maji yanapiga. Isiyolia imekauka ndani au imepasuka. Tazama yale macho matatu. Yakiwa na unyevu au ukungu, iache. Vunja kwa mgongo wa panga, ukiizungusha kiganjani na kugonga katikati yake, mpaka ipasuke vipande viwili sawa. Onja maji kabla ya kukuna. Maji yakiwa machachu au yananata, nazi imeharibika, na tui lake litaharibu wali wote.

Kaa, kibao kikiwa chini ya mapaja, chombo chini ya ulimi. Shika kifuu kwa mikono miwili, vidole nyuma ya ukingo, usivipitishe mbele. Anza ukingoni, vuta kuelekea kwako kwa miondoko mifupi, ukizungusha kifuu kidogo kila baada ya mvuto. Ukingo ukiisha, ingia ndani. Machicha yakianza kubadilika kutoka weupe kwenda kahawia, acha hapo. Kinachobaki kwenye kifuu ni kidogo na hakina faida.

Kwa nazi mbili za wastani, pima maji hivi: kikombe 1 cha mililita 250 kwa tui la kwanza, vikombe 2 kwa la pili, vikombe 2 kwa la tatu. Maji yawe ya vuguvugu, kiasi mkono unachovumilia. Mafuta ya nazi huganda yakishuka chini ya nyuzi joto 24 hivi, kwa hiyo ukikamua kwa maji ya friji, mafuta yatabaki kwenye machicha na utapata maji meupe tu. Kanda machicha kwenye maji kwa dakika mbili, kisha kamua kwa kifumbu, au kwa chujio la nguo ukikosa. La kwanza, kasimile, liweke pembeni. Mchele, maharage au samaki waive kwa la tatu na la pili. Kasimile huingia mwisho, moto ukiwa umepunguzwa, ukikoroga upande mmoja mpaka lichemke mara moja, kisha unaepua. Linakatika pale linapoachwa lichemke kwa nguvu bila kukorogwa: mafuta yanajitenga juu, maji yanabaki chini, na mchuzi unaonekana kama maziwa yaliyoganda. Haliwi sumu, ila sura imeshapotea.

Baada ya mwaka mmoja au miwili ya kukuna kila siku, meno yatakuwa butu. Nunua tupa ndogo ya pembetatu, pitisha kati ya jino na jino mara tatu au nne, kutoka upande mmoja tu. Hakuna haja ya mbuzi mpya.

Mtungi wa gesi

Wa kilo 6 unatosha chumba cha mtu mmoja au wawili. Kabla ya kulipa, upime. Kwenye mtungi, karibu na mkono au kwenye kola, pamechorwa uzito wa mtungi mtupu. Kama ni kilo 7.4, basi mtungi wa kilo 6 uliojaa unapaswa kusoma 13.4 kwenye mizani. Muuzaji asiye na mizani, au anayekasirika ukiomba kupima, mpe mgongo. Seali ya plastiki pekee si ushahidi.

Regileta ilingane na valvu ya mtungi, maana ziko za kipenyo tofauti na hazilazimishwi. Mpira uwe wa gesi, wenye tarehe iliyochapwa ubavuni, urefu usiozidi mita 1.5, ufungwe kwa klipu za kukazwa na bisibisi kila upande. Waya wa kufungia nondo si klipu, ingawa unaonekana jikoni kwingi.

Siku ya kwanza, na kila unapobadilisha mtungi, pima uvujaji hivi. Zima vitufe vyote vya jiko. Fungua valvu. Tengeneza povu zito la sabuni ya kuoshea vyombo, pakaza sehemu tatu: regileta inapokutana na mtungi, mpira unapoingia regileta, na mpira unapoingia jikoni. Subiri dakika moja. Mapovu yanayovimba na kukua ni uvujaji. Kwenye mtungi, mara nyingi ni ile pete ya mpira ndani ya valvu iliyokauka au haipo. Kwenye mpira ni klipu iliyolegea. Usipime kwa kiberiti, hata kama jirani anafanya hivyo kila mwezi.

Gesi ya kupikia haina harufu yenyewe. Ile harufu mbaya imeongezwa makusudi. Ni nzito kuliko hewa, inashuka sakafuni na kukaa. Ukiisikia, usiguse swichi yoyote, si kuwasha wala kuzima. Funga valvu, fungua milango, toa mtungi nje ukiwa umesimama wima. Dirisha la juu pekee halisaidii sana, gesi iko miguuni.

Kujua imebaki kiasi gani, mwagia maji ya moto kidogo ubavuni mwa mtungi, kisha pitisha kiganja kutoka juu kwenda chini. Panapogeuka baridi ghafla ndipo gesi ilipofika.

Sabuni ya mche, na maji yanayoigomea

Mche mpya ni laini kwa sababu una maji mengi. Ukianza kuutumia siku hiyohiyo, nusu yake itayeyuka kwenye beseni. Ukate vipande kwa uzi mgumu au waya mwembamba (kisu kinauvunja), panga vipande kwenye rafu vikiwa vimeachana, hewa ipite, wiki mbili au tatu. Vitasinyaa na kuwa vigumu, na kila kimoja kitafua nguo nyingi zaidi. Wakati wa kufua, kipande kikae kwenye kibao chenye matundu au juu ya dodoki, kisikae ndani ya maji.

Wanaotumia maji ya kisima karibu na bahari wanajua tatizo jingine: sabuni haitoi povu, na nguo nyeupe zinatoka na utando wa kijivu. Sababu ni madini ya chokaa na magnesi kwenye maji, yanayoikamata sabuni na kuigeuza utando. Jipime: chukua chupa angavu, jaza maji nusu, tia chembe za sabuni, funga, tikisa kwa nguvu. Povu likisimama na maji yakabaki safi, maji ni laini. Kama povu ni kidogo na maji yamegeuka kama ya wali, ni magumu. Tia kijiko 1 cha chakula, cha kusawazishwa, cha magadi ya kufulia kwenye lita 10, koroga, subiri dakika 10, ndipo utie sabuni. Chumvi ya bahari yenyewe haiondolewi na magadi. Kisima chenye maji ya kukoleza ulimi kitakusumbua hata hivyo. Magadi yasiguse hariri, sufu wala vyombo vya alumini, na vaa glavu kama mikono ina michubuko.

Jiki

Jina la chapa moja limekuwa jina la dawa yote, basi tuliache hivyo. Nguvu yake imeandikwa kwenye lebo kwa asilimia ya klorini, na hesabu yote inatoka hapo: gawa asilimia ya chupa kwa asilimia unayotaka, toa 1, unachopata ni sehemu za maji kwa sehemu moja ya jiki.

Mfano, chupa ya asilimia 3.5. Kwa matapishi, damu au choo cha mgonjwa, unahitaji asilimia 0.5: 3.5 gawa kwa 0.5 ni 7, toa 1, unapata 6. Yaani kikombe kimoja cha jiki kwa vikombe sita vya maji. Kwa kupangusa sakafu na meza, asilimia 0.1 inatosha: kikombe 1 cha mililita 250 kwa lita 8.5 za maji. Chupa yako ikiwa na asilimia nyingine, hesabu ni hiyohiyo.

Osha kwanza kwa sabuni na maji, suuza, ndipo upake jiki. Uchafu unaimaliza nguvu kabla haijafika kwa vijidudu. Iache dakika 10 pakiwa pamelowa. Anayepaka na kufuta hapohapo amepata harufu tu. Maji yawe ya baridi, kwa sababu joto linaivunja dawa. Mchanganyiko wa leo umwage leo. Chupa ikae gizani, na siku ya kuifungua andika tarehe ubavuni kwa kalamu ya wino mzito, maana nguvu hupungua kadiri miezi inavyokwenda hata ukiwa umeifunga vizuri.

Usichanganye na siki, ndimu wala dawa ya choo yenye asidi. Mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini inayounguza mapafu, na bafu dogo linatosha kumwangusha mtu. Usichanganye na dawa yenye amonia. Wala usihamishie kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto hasomi lebo, anaitambua chupa.

Kwa maji ya kunywa usitumie jiki yenye manukato. Ipo dawa ya maji iliyotengenezwa kwa kazi hiyo: fuata kipimo cha chupa, koroga, subiri dakika 30. Maji ya matope yachuje kwanza kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne.

Chandarua, chelewa na dodoki

Chandarua chenye dawa kikitolewa kwenye mfuko, kianikwe kivulini saa 24 kabla ya kulalia, ili harufu na muwasho wa mwanzo vipungue. Jua la moja kwa moja huvunja dawa, kwa hiyo hata kikifuliwa kianikwe kivulini. Kifue kwa maji ya baridi na sabuni ya kawaida, kamwe si kwa jiki. Vyandarua hivi hutengenezwa vihimili takriban mara 20 za kufuliwa na miaka mitatu ya matumizi. Anayefua kila wiki anaimaliza dawa ndani ya miezi mitano. Tundu la kupitisha kidole shona siku hiyohiyo, kwa uzi wowote. Pindo la chini lifike chini ya godoro pande zote nne, hasa upande wa ukutani, ambako mkono hauoni.

Fagio la chelewa liwe na njiti za ukuti mkavu wa kahawia. Za kijani zitasinyaa na kamba italegea. Bana mahali palipofungwa: kamba isisogee. Jipya lina unga na vichembe, lipige ukutani nje kabla ya kuliingiza ndani. Likichakaa usilitupe lote, kata ncha sentimita tano, funga upya juu kidogo, litafagia uwanja mwaka mwingine.

Dodoki nunua lililo jepesi na kavu, mbegu ukizitikisa zinalia. Chemsha dakika tano, kausha juani, likate vipande vya urefu wa kiganja. La vyombo lisiwe la kuogea. Kila usiku litundikwe, lisiachwe kwenye sinki. Likianza kunuka hata baada ya kuchemshwa, lipeleke kwenye mbolea ya bustani, na mbegu ulizotoa panda kando ya ua, mahali penye jua na cha kukwea.